Huku walipanga foleni kuona ukuta mtupu, kwetu limebaki shimo tu

Huu mwaka wa tisa niko Milano, kazi yangu kutunza wazee, na Kiitaliano nilianza kukiokota hukohuko Malindi maana mnajua vile kwetu Waitaliano wamejaa. Kuna jambo limenikaa moyoni siku nyingi, leo acha niliandike.

Bibi ninayemtunza kwao ni upande wa ziwa Maggiore, karibu na kijiji kinaitwa Dumenza, na hapo Dumenza ndo alikotoka Vincenzo Peruggia, yule aliyeiba Mona Lisa, ile picha ya Leonardo da Vinci iliyoko Louvre, makumbusho makubwa ya Paris. Bibi akimtaja utadhani anamtaja jirani. Peruggia alikuwa mhamiaji kama mimi, alienda Paris kupaka rangi nyumba, akapata kazi kwa fundi waliokuwa wakiweka vioo kwenye picha za Louvre, kwa hivo njia za mle ndani alikuwa anazijua. Tarehe 21 Agosti 1911, Jumatatu, siku ambayo makumbusho yanafungwa, akaitoa picha ukutani akaivua fremu akaondoka nayo, na wenyewe hawakushtuka mpaka kesho yake mchoraji mmoja alipokuja kufanya kazi yake akauliza mbona hapa pako wazi. Miaka miwili ilikaa kwenye chumba chake cha kupanga, imefichwa ndani ya sanduku! Desemba 1913 akaipeleka Florence kwa mfanyabiashara wa vitu vya kale, huyo akamwita mkuu wa makumbusho ya Uffizi, wakaikagua wakaona ndo yenyewe, Peruggia akashikwa. Kortini alisema Napoleon, yule mtawala wa Ufaransa, ndiye aliyeiiba Italia na yeye alitaka kuirudisha nyumbani, akasema pia kule kazini Wafaransa walikuwa wanamwita mla makaroni. Mimi hapo pa kuitwa majina kazini napaelewa sana, lakini kuiba ni kuiba, na tena alitaka alipwe.

Na alikosea, maana ile picha Napoleon hakuiiba. Leonardo mwenyewe alienda nayo Ufaransa uzeeni, 1516, ikaishia kwa mfalme Francis wa Kwanza. Iliyoporwa kweli ni ile inayotazamana nayo chumba kilekile, Harusi ya Kana ya mchoraji Veronese, picha karibu mita 10 kwa upana, askari wa Napoleon waliikata vipande Venice mwaka 1797 wakaibeba. Napoleon alipoangushwa 1815 vitu vingi vilirudi Italia ila hiyo ikabaki. Watu wanaingia pale kwa maelfu wanainua simu kwa Mona Lisa, Veronese wamempa mgongo, na pale Venice ukutani kwenye ukumbi wa watawa ilikotolewa tangu 2007 pana nakala.

Sasa kitu kilichonigusa zaidi ya wizi wenyewe ni hiki, Louvre ilipofunguliwa tena watu walipanga foleni kwenda kuangalia mahali picha ilipokuwa. Misumari na ukuta, basi. Bibi aliponieleza hiyo nilinyamaza kabisa, nikakumbuka shimo.

Nieleze kwa wasio wa Pwani. Sisi Wagiriama mzee wa chama cha Gohu akifariki anachongewa kigango, mti mgumu mrefu wenye kichwa cha duara, unasimamishwa pale mjini kwake, yaani kwenye boma lake, na koma yake, roho ya marehemu, inakaa hapo. Kikishasimamishwa hakiguswi, hata mji ukihama kinaachwa. Miaka ya sabini na themanini wakaanza kuja vijana usiku wanaving'oa, wanauza kwa wenye maduka ya watalii, kinapanda ndege kinaishia sebuleni kwa mtu Marekani au kwenye makumbusho kimeandikwa "sanaa ya Afrika". Asubuhi mwenye mji anaamka anakuta shimo. Hakuna foleni wala gazeti, polisi wanamuuliza kimeibwa nini, kijiti? Na ikija kiangazi au mtoto akiugua watu wanajua sababu ni ile koma iliyong'olewa.

Mzee Kalume Mwakiru wa Kilifi alisimamisha viwili kwa ajili ya ndugu zake, na 1985 mtafiti Mmarekani Monica Udvardy akampiga picha amesimama navyo. Aliporudi kumletea picha yake vigango vimeshaibwa, mzee akamuomba amsaidie kuvitafuta. Miaka 14 ikapita! 1999 Udvardy yuko kwenye mkutano, mtafiti mwenzake anaonyesha slaidi za vigango vilivyo Illinois, akakiona kimoja cha mzee. Cha pili kikapatikana makumbusho ya chuo cha Hampton, Virginia. Vikarudi 2006 na 2007, mzee mwenyewe alishafariki bila kuviona. Nataka mlione hili vizuri, vigango vilivyochukuliwa Pwani ni mamia, na hivi viwili vilirudi kwa sababu palikuwa na picha moja ya kamera.

Mtu wa nyumbani aliniambia kwenye simu, heri wazungu walivichukua, vingeliwa na mchwa. Ndugu yangu, kigango kinatakiwa kiliwe na mchwa! Kinaoza taratibu palepale, mwenyewe anapumzika, ndo mwisho wake mwema. Ukikiweka kwenye chumba cha baridi nyuma ya kioo umekihifadhi kama mti, kama mtu umemfunga.

Na hata hawa wa huku msidhani kuhifadhi kwao ni kufanya kitu kionekane kipya. Nilimpeleka bibi kuona Karamu ya Mwisho ya Leonardo, iliyochorwa ukutani kwenye ukumbi wa kulia wa watawa hapahapa Milano, mnabuku mapema, mnapita milango miwili mitatu ya kuchuja hewa, mnapewa dakika 15 mnatolewa. Leonardo aliichora 1495 mpaka 1498 juu ya ukuta mkavu badala ya plasta mbichi, ikaanza kubanduka mapema sana. 1652 watawa wakatoboa mlango chini yake, miguu ya Yesu ikaenda. Agosti 1943 bomu likaangusha paa na ukuta wa pembeni, ukuta wenye picha ukasimama kwa sababu ulikuwa umewekewa magunia ya mchanga. Halafu wakaisafisha miaka zaidi ya 20 hadi 1999, na pale rangi ya Leonardo ilipokwisha kabisa hawakumchorea, wamepaka rangi ya maji hafifu tu ujue hapa pamepotea. Nililia pale ndani na bibi akanishika mkono.

Kwa hivo sitaki tuwaige vioo. Nataka tuwaige daftari. Italia ina kikosi cha polisi cha kulinda sanaa tangu 1969, wana orodha ya vilivyoibwa yenye picha na vipimo, mtu akitaka kuuza anaulizwa. Mwaka 1975 walipoibiwa Urbino picha mbili za Piero della Francesca na moja ya Raphael, wachoraji wa zamani, mwaka uliofuata zikapatikana Uswisi, maana kila mtu anayefanya hiyo biashara alikuwa anajua sura zake. Kigango cha baba mkubwa wangu nani anajua sura yake zaidi ya sisi wa pale mjini? Kikionekana kesho mnadani tutathibitisha vipi?

Juzi nikamtumia kaka yangu hela ya bando, nikamwambia aende na wazee, aombe ruhusa kwanza, apige kila kimoja mbele na nyuma, aweke kiberiti pembeni ukubwa ujulikane, aandike jina la marehemu na nani aliyechonga kama wanakumbuka. Na asizipost Facebook, wezi nao wana simu. Jana usiku zikaingia picha za vigango saba. Akaniuliza kuna kimoja kimeshalala chini, mchwa wamekula nusu, nacho nikipige? Nikamwambia kipige hichohicho kilivyo, halafu usikiinue.