Bobini Haina Kosa

Jumamosi binti wa jirani kaingia uani kwangu na kichwa cha cherehani, kakifunika khanga kama anabeba maiti. "Shikamoo shangazi. Imeanza tena." Nikashona kipande cha kitenge kujaribu. Juu mshono umenyooka kama rula. Chini, msitu! Uzi umerundikana, umesokotana, mpaka kitambaa hakitoki bila mkasi.

Ana sare 12 za shule za kumaliza, na tayari ameshatoa shilingi 35,000 kwa fundi mmoja aliyembadilishia kasha la bobini, yaani kile kikopo kinachoshika bobini, kigurudumu kidogo cha uzi wa chini, akamuuzia na bobini tano mpya juu yake. Tatizo likabaki palepale. Mimi niliinua mguu unaokandamiza kitambaa, nikachomoa uzi wote wa juu, nikautunga upya tangu kwenye kigurudumu cha uzi wa juu mpaka tundu la sindano. Hata dakika mbili hazikufika. Mshono ukatoka safi huku na huku. Binti akacheka. Mimi sikucheka, maana ile 35,000 naijua ilivyotoka.

Hivi ni nani aliyewafundisha watu kwamba uzi ukiharibika chini, mwenye kosa ni aliye chini? Ule msitu si uzi wa bobini. Ni uzi wa juu! Kama huamini, weka mwekundu juu na mweupe chini, ushone, kisha geuza kitambaa. Utaona wekundu umejaa tele, na mweupe wa watu umelala katikati, umenyooka, haujui kitu.

Sindano inashusha uzi, ndoano ya chini inaudaka, inauzungusha kasha la bobini, halafu ule mkono unaopanda na kushuka mbele ya mashine unauvuta urudi juu. Fundo linatakiwa likae katikati ya kitambaa, lisionekane upande wowote. Sasa kama uzi wa juu haukubanwa na vile visahani viwili vyenye springi, nani atauzuia? Unashuka tu kama maji, na ukifika chini haurudi wote. Unarundikana. Na visahani vile hufunguka mguu ukiwa juu, hufunga ukiwa chini. Ukitunga uzi na mguu umeshuka, uzi unapita juujuu ya visahani, hauingii katikati. Binti wa watu amekuwa akitunga mguu chini kwa mwaka mzima. Siku uzi ukijipenyeza wenyewe, anashona. Siku usipojipenyeza, anasema cherehani ina mashetani.

Mama yangu alikuwa na cherehani ya kuzungusha kwa mkono, na ukienda kwake na malalamiko yoyote, hakuuliza. Aliukata uzi kwa meno akasema, "Tunga upya." Hata kama umeshatunga. Hata kama umeapa umetunga vizuri. Nilimwona mkorofi sana. Leo nami nakata kwa meno, na yamebaki machache.

Kinachonikera zaidi ni ile skrubu ndogo ubavuni mwa kasha, inayokaza na kulegeza uzi wa chini. Kila mwanamume anayepita barazani na bisibisi mfukoni anajiona ameitiwa hiyo. Anakaza. Anajaribu. Analegeza. Anakaza tena, anakunja uso kama daktari, na mwisho mashine iliyokuwa na kosa moja ina makosa mawili. Jamani, kabla hujaigusa, ning'iniza kasha kwa uzi wake, bobini ikiwa ndani. Likiporomoka lenyewe, limelegea. Ukilitikisa kidogo likashuka kama inchi moja likasimama, liache, halikudai kitu. Na ukilazimika kugusa, robo ya mzunguko inatosha. Mimi mwenyewe niliwahi kuifungua yote kwa ujuaji, ikarukia kwenye kiroba cha vipande vya vitambaa. Niliitafuta mpaka magharibi kwa sumaku ya spika mbovu. Nilipata pini 30 na vifungo. Skrubu nikaikuta asubuhi, ndani ya ndara.

Haya, nikubali kidogo, msije mkasema nawatetea bobini kama ndugu zangu. Uzi wa chini ukichungulia juu ya kitambaa, hapo kweli huenda kasha limelegea, ingawa mara nyingi umeukaza mno uzi wa juu mwenyewe. Vumbi la uzi likijificha chini ya kile kibati cha springi kwenye kasha, uzi haubanwi sawasawa. Pitisha ncha ya kadi ngumu, litoke. Bobini ya bati iliyobonyea, tupa. Ya cherehani ya kiwandani usiilazimishe kwenye cherehani ya nyumbani kama Butterfly, hata kama imekaribia kuingia. Uzi uliojazwa kwa mkono, huku umelegea kule umekaza, utakutesa tu. Na mafuta ya alizeti ni ya maandazi, si ya cherehani.

Sindano sijaisema. Ikipinda, badilisha.

Jumatatu binti alirudi kwa yule fundi kudai angalau kasha lake la zamani, lililokuwa zima. Akaambiwa limeshatupwa. Alimkuta ameinamia cherehani ya mtu mwingine, bisibisi mkononi, mwenye mashine amesimama pembeni anahesabu hela.