Jiwe haliwezi kuota nywele

Mwezi uliopita nililetewa kijitabu cha kutafsiri, kurasa nne za Kiingereza kuhusu ukarabati wa nyumba za kale hapa Lamu. Kazi ya jioni moja na birika la chai ya tangawizi, nikadhani. Nikakwama kwenye neno moja: porous, yaani kitu chenye vitundu vidogo ndani. Mawe ni porous, lipu iwe porous, mchanga wa kijiji jirani cha Shela ni porous. Nikafungua kamusi, nikapata "-enye vinyweleo", nikaandika "mawe yenye vinyweleo", nikaenda kulala.

Asubuhi nikamsomea fundi anayetutengenezea nyumba ya bibi, kule Langoni. Alikuwa juu ya jukwaa, mwiko mkononi. "Mawe yameota nywele?" akauliza bila kugeuka. Wasaidizi wake wakacheka hadi nikaona haya.

Na haki alikuwa nayo. Mwalimu wa sayansi akisema kinyweleo anakusudia kitundu cha ngozi panapotoka jasho. Mtu wa kawaida akisikia vinyweleo anafikiria malaika ya mkononi, yale yanayosimama ukipatwa na baridi au hofu. Mpe mtu huyo ukuta wenye vinyweleo, ataona ukuta wenye manyoya. Kwa maoni yangu neno hilo liachiwe ngozi.

Nikamuuliza fundi, basi wewe ungesemaje? Akaupiga ukuta kwa kiganja. "Ukuta huu wanwa mai."

Kiamu kitupu, lahaja yetu ya Lamu, maneno manne, na kazi imekwisha. Ukuta unakunywa maji. Udongo nao hunywa, mbao isiyopakwa rangi hunywa, na fundi rangi yeyote atakwambia ukuta mpya utakunywa mkono wa kwanza wa rangi wote. Mimi nilikuwa natafuta kivumishi kwa sababu Mwingereza alitumia kivumishi, kumbe Kiswahili kina kitenzi kilichozoea kazi hiyo siku zote.

Neno lenyewe lina safari. Mzizi wake ni Kigiriki, poros, yaani njia au kivuko. Likapita kwenye Kilatini na Kifaransa kabla ya kufika kwa Waingereza. Mzizi huohuo umo ndani ya Porites, jina la kisayansi la tumbawe ambalo wazee wa pwani hii walilitoa baharini likiwa bichi na laini, wakalichonga mihrabu na nakshi kabla halijakauka na kuwa gumu. Jiwe lililojaa vijia, na jina linakiri hivyo.

Sasa, Waingereza wenyewe hulitumia neno lao kwa ulegevu. Kitu kuwa na matundu ndani ni jambo moja. Matundu hayo kuungana hata maji yakapita ni jambo jingine, nalo wana neno lake, permeable. Mitaani huyachanganya. Udongo wa mfinyanzi una nafasi nyingi sana ndani yake, mara nyingi kuushinda mchanga, lakini nafasi zenyewe ni finyu mno, hivyo maji huingia yakakaa. Mchanga una nafasi kubwa zinazofuatana, maji yanashuka moja kwa moja. Kwa Kiswahili ningesema udongo hunywa, mchanga hupitisha. Na kama unataka kusema kitu kinaweza kupitwa, tunayo "hupenyeka", tunayo "haipenyeki". Sioni tulichopungukiwa.

Tena tuna tofauti ambayo porous haiigusi kabisa. Mtungi wa maji ukivuja, utautafutia mahali pa kupandia maua. Mtungi ukitoka jasho, unamshukuru mfinyanzi, maana maji yanayojipenyeza nje na kukauka juu yake ndiyo yanayopoza yaliyobaki ndani. Sahani za Kichina zilizopangwa kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, hazitoki jasho hata uzijaze maji mwaka mzima. Kuvuja ni aibu, kutoka jasho ni ufundi. Mtafsiri atakayeandika mtungi "unaovuja" amemtukana aliyeufinyanga.

Hili la ukuta linaniuma kwa sababu zangu. Miaka michache iliyopita sisi wenyewe, wajukuu wenye haraka, tuliipiga nyumba ya bibi lipu ya simiti. Ilipendeza kwa mvua moja. Kuta za tumbawe hupandisha unyevu kutoka chini, na unyevu wa kisiwani una chumvi. Zamani ulitokea taratibu kupitia lipu ya chokaa. Simiti ikaufungia ndani. Chumvi ikaganda nyuma ya lipu, ikaisukuma, na vipande vikubwa kama sinia vikaanza kudondoka ukumbini. Kijitabu changu kilisema lipu iwe porous. Sentensi hiyo niliifuta nikaandika: "Piga lipu ya chokaa, ukuta uweze kupumua na kutoa maji yake." Ndefu kidogo, lakini mwenye nyumba ataielewa kabla hajanunua mfuko wa kwanza wa simiti.

Kuhusu Shela niliandika kwamba vilima vya mchanga hupitisha mvua hadi chini, ambako maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi zaidi. Visima vinavyotunywesha mjini hutegemea hilo. Ungesema tu "mchanga wenye vinyweleo", nani angeshtuka kwamba kinachomwagwa juu ya vilima vile kitashuka kwenye ndoo yake? Ukisema "hupitisha", swali linakuja lenyewe: hupitisha nini?

Swali hilohilo ndilo ninalolikosa kwenye taarifa za habari zinapotaja mpaka wetu na Somalia kwa neno hilihili porous. Nimewahi kusikia "mpaka wenye matundu", kama chandarua. Nani anapita? Wabajuni wana jamaa upande huu na upande ule. Mvuvi akipita, mhalifu akipita, mama anayekwenda kwenye arusi ya dada yake akipita, kivumishi kinawafunika wote kwa shuka moja. Mpaka usiolindwa, semeni haulindwi. Unaovukwa, semeni unavukwa, na nani.

Walionipa kazi walinirudishia rasimu wakiuliza neno porous nimelipeleka wapi, maana walikuwa wamelihesabu. Niliwajibu kwamba limo, ila limegeuka vitenzi vinne. Bado wanafikiria.

Huku Langoni simiti yote imebanduliwa. Nilitaka chokaa ianze juma lile lile, fundi akakataa katakata. Ukuta umekunywa miaka, anasema, uacheni kwanza umalize kutapika.