Kizingiti cha mto: kivunjwe, kiachwe au kijazwe mawe?

Ukikaribia kizingiti, yaani ukuta mfupi uliojengwa kukatiza mto, kwa mtumbwi ukitokea upande wa juu, hatari huioni. Unaona maji yaliyotulia na mbele yake mstari mnyoofu, kama umepigwa kwa uzi wa fundi mwashi. Nyuma ya mstari huo maji yanashuka, mara nyingi si zaidi ya kimo cha mtu, kisha yanajigeuza chini na kurudi kuupiga ukuta. Anayetumbukia humo husukumwa chini, huibuka, huvutwa tena ukutani, huzamishwa tena. Lile povu limejaa hewa, kwa hiyo halimbebi mtu wala boti juu kama maji ya kawaida. Wamarekani huviita vizingiti hivi mashine za kuzamisha watu, na hata waokoaji wamefia humo.

Mto Red huko Marekani, unaotenganisha mji wa Fargo wa jimbo la North Dakota na Moorhead wa jimbo la Minnesota, ulikuwa na kizingiti cha aina hiyo katikati ya mji, Midtown Dam. Watu wengi walizama pale. Kwa nini basi kisivunjwe yakaisha? Kwa sababu miji hiyo inakunywa maji ya mto huohuo, na bila kitu cha kuyazuia yanateremka chini ya midomo ya mabomba ya kuyavuta. Wanaotetea kizingiti hawatetei zege, wanatetea maji. Katika ukame wa miaka ya 1930 mto huo ulifikia kuacha kabisa kutiririka Fargo. Wakulima wetu wanaogombea zamu kwenye banio la mfereji wangewaelewa mara moja.

Mwaka 1999 ilipatikana njia ya kati, kwa usanifu wa Luther Aadland wa idara ya maliasili ya Minnesota. Ukuta ulibaki, na upande wa chini yakamwagwa mawe kufanya mteremko mrefu wa taratibu. Mawe makubwa zaidi hupangwa kwa mistari iliyopinda kama upinde, mgongo ukielekea yanakotoka maji, ili mkondo ukusanyike katikati na kingo zisiliwe. Badala ya kuanguka mara moja, maji yanashuka ngazi kwa ngazi, na ule mzunguko wa kuua unakosa mahali pa kujijenga. Samaki nao wakapata njia ya kupanda, na mabomba hayakupoteza maji yake.

Mimi niko upande wa mawe, ila wapinzani wana hoja. Mto Red unaelekea kaskazini, kwa hiyo majira ya kuchipua barafu huyeyuka kusini kwanza na mapande yake husukumwa kuelekea mto ambao bado umeganda. Mawe hupigwa na barafu hiyo, na lazima pawe na fungu la matengenezo. Pia njia inayompandisha samaki wa asili inaweza kumpandisha samaki mgeni mharibifu. Kwenye mto ambako ukuta ndio unaomzuia mgeni huyo, ningesita.

Hoja inayonisumbua zaidi ni nyingine. Kwa aliye ukingoni ukuta unatisha, mawe yanaalika. Mtu akiona maji yanayochezacheza juani anadhani pamekuwa mahali pa kuogelea, kumbe mafuriko yakija mteremko wote unafunikwa na mkondo mkali wenye magogo na baridi ya kukaza misuli. Mwaka 2009 maji yalifika futi 40.84 Fargo, rekodi ya mji huo. Hakuna mpangilio wa mawe unaomlinda mwenye kayaki siku kama hizo. Na mvuvi hana haja ya mtumbwi ili aingie hatarini. Mto huu unasifika kwa kambare, samaki hukusanyika mahali kama hapa, na mawe ya ukingoni yanateleza.

Fargo ina Wakongo na Warundi wengi wanaozungumza Kiswahili, na wengine wamekulia ziwani Tanganyika, ambako maji ni ya kuvulia na kusafiria tangu utotoni. Kujua maji ya kule hakumfundishi mtu maji haya. Kwa hiyo mradi wa namna hii, popote unapofanyika, nisingeuhesabu umekamilika siku jiwe la mwisho linapowekwa. Ningetaka kwanza nione njia ya kubebea mtumbwi nchi kavu, jaketi okozi za kuazima pale ukingoni, na kibao cha onyo katika lugha za watu wanaovua hapo, Kiswahili kikiwemo.