Shahada inalipa, ila nani anakulisha ukisubiri?

Machi 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ilifanya usaili wa kujaza nafasi 1,596. Waombaji walizidi 135,000, yaani kila kiti kimoja kiligombewa na watu zaidi ya 80. Mwaka 2014 Idara ya Uhamiaji ilikuwa na nafasi 70 tu, na vijana zaidi ya 10,000 wakajazana Uwanja wa Taifa. Kila habari ya namna hii ikisambaa, hukumu ya mtaani hutoka palepale: shahada karatasi tu, bora angeenda VETA, vyuo vya ufundi vya serikali.

Naelewa hukumu hiyo inakotoka. Mpwa wangu ana shahada ya rasilimali watu na mwaka huu ni wa nne tangu amalize. Mali yake kubwa ni bahasha ya kaki yenye nakala za vyeti zilizogongwa muhuri wa wakili, na kila nakala aliilipia. Akiitwa kwenye usaili Dodoma, nyumbani tunachanga nauli na hela ya gesti. Mara mbili amevuka mchujo na kufika mahojiano. Mara zote mbili jina limeishia kwenye kanzidata. Kanzidata ni neno la adabu: umefaulu, ila nafasi hakuna, kaa mkao wa kula.

Jirani yetu mmoja alisoma ufundi baada ya kidato cha nne. Leo ana karakana ya madirisha ya aluminiamu na vijana watatu chini yake. Mpwa wangu akipita pale, yule fundi humwita "msomi", na sijawahi kujua kama anamheshimu au anamchoma.

Hapo ndipo watu wengi wanapofungia mjadala. Lakini kuna milango ambayo fundi hodari kiasi gani hawezi kuipenya. Huwezi kuwa mwanasheria wala mhandisi aliyesajiliwa kwa kipaji tu. Hata ualimu, ngazi za mshahara serikalini zinasema zenyewe: mwenye diploma huanzia TGTS C, mwenye shahada TGTS D, ngazi ya juu yake. Wanaweza kufundisha shule moja, chaki ileile, lakini mwisho wa mwezi hawalingani, na pengo hilo wanatembea nalo hadi kwenye pensheni.

Jambo lingine wanaoisifia VETA huliruka. Kwa mtoto wa maskini, chuo kikuu mara nyingi ndiyo njia yenye pesa ya serikali nyuma yake. Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi 2005, humlipia ada na kumpa bumu, yaani hela ya chakula na malazi. Wa diploma wameanza kufikiriwa juzijuzi tu, 2023, tena kwa fani chache. Anayekwenda kujifunza kuchomelea, mzazi aingie mfukoni. Sasa kijana akichagua bumu, tumlaumu kwa kupenda makaratasi?

Mkopo nao una meno. Ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara inakatwa juu kwa juu. Kwenye 700,000 hiyo ni 105,000 kila mwezi. Nafuu iliyopatikana ni ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyofutwa 2021.

Mimi naona gharama kubwa ya shahada ni miaka ya kusubiri kazi baada ya joho, na ada inafuata nyuma yake. Ndiyo maana shahada moja inaweza kuwa faida kwa mmoja na mzigo kwa mwingine. Kijana ambaye kwao kuna chumba, ugali na mjomba mwenye koneksheni anaweza kusubiri miaka mitatu, akajitolea ofisini bila posho hadi akashikwa mkono. Ambaye wadogo zake wanamtazama yeye, miaka hiyo hana. Huyo ningemshauri aanze na diploma ya fani yenye kazi mikononi, uuguzi, maabara au umeme, aingize kipato, shahada aifuate baadaye. Anayetaka udaktari au uhandisi na alama anazo, aende moja kwa moja. Zile shahada za jumla jumla, utawala wa hiki na usimamizi wa kile, ndizo zinazonitia shaka.

Yule jirani alipotaka kujisajili kama mkandarasi ili aombe kazi za halmashauri, aliambiwa kampuni lazima iwe na mtaalamu mwenye sifa zinazotambuliwa. Akaajiri kijana mwenye cheti. Wiki iliyopita alinisimamisha nje ya karakana, mikono imejaa silikoni, akaniuliza Chuo Kikuu Huria mtu wa kidato cha nne anaanzia wapi.