Zimeni tochi, jamani

Jumamosi tulipanda mtumbwi hapa Bukavu, watu saba, kila mmoja ametoa pesa yake, twende tukaone vimulimuli kwenye matete ya ziwa Kivu. Papa mpiga kasia alituomba kitu kimoja tu: giza. Tukaitika, ndiyo Papa. Kufika tu kwenye matete, yaya mmoja, yaani dada, nyuma yangu akawasha tochi ya simu. Eti anatafuta kiatu chake.

Vimulimuli wakazima. Tukangoja. Macho yanaanza kuzoea, wawili watatu wanawaka tena, mara mwingine huyo na flashi! Amepata nini? Weusi mtupu na kisogo cha mwenzake. Flashi inakifunika kile kimwanga chenyewe alichotaka kukipiga picha. Tena kimulimuli hawaki kwa ajili yetu: dume anapepesa akiruka, jike anamjibu. Ukiwamulikia umewakatizia maongezi ya uchumba.

Kule Kuala Selangor, Malaysia, ambako vimulimuli hujaa kwenye mikoko na kuwaka kwa pamoja, watalii wa kijiji cha Kampung Kuantan hupelekwa kwa mashua za makasia, kimyakimya, na flashi ni marufuku. Sisi tunaolala na umeme uliokatika bila kulalamika, giza moja la kulipia ndilo linatutisha?

Taa zenye haki usiku ule zilikuwa za wavuvi, mbali huko, maana sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, hufuata mwanga. Kimulimuli si sambaza, yaya.

Na kiatu chenyewe alikuwa amekivaa.