Sufuria moja na safari zetu ndefu

Hapa Rau, Moshi, tunaulizwa swali moja tangu tuanze kusafiri: hela mnatoa wapi? Wanaouliza hawana ubaya. Wanajua mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mume wangu fundi umeme, hatukurithi hoteli, wala hatuna mtoto Ulaya anayetutumia. Basi wanahisi kuna siri. Siri ipo kweli, imetundikwa kwenye msumari jikoni kwetu: sufuria ya alumini yenye mfuniko uliobonyea upande mmoja.

Kati ya 2016 na 2019 tulikuwa nje ya Moshi zaidi ya tulivyokuwa nyumbani. Zambia, Uganda, India, Malaysia. Hatukwenda kupita, tulikwenda kukaa. Tunatafuta chumba chenye jiko, hata kama jiko lenyewe ni la kuchangia na wapangaji wengine, tunalipa mwezi mzima, halafu asubuhi tunaenda sokoni kama watu wengine wa mtaa ule. Msafiri anayekula hotelini kila siku hamalizwi na nauli, anamalizwa na sahani. Nauli unalipa mara moja. Njaa inarudi mara tatu kwa siku.

Lakini nikisema ni suala la hela peke yake nitakuwa nimedanganya.

Mume wangu amezaliwa kihambani Kibosho, nyumba ambayo mwanaume alishika nyama, akachinja, akachoma, basi. Sufuria haikumhusu. Miaka zaidi ya thelathini ya ndoa yetu nilimpikia, na sikuwahi kulalamika kwa sababu sikuwahi kufikiri kuna namna nyingine. Tulipanda treni ya TAZARA Dar es Salaam, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, tukaendelea hadi Lusaka, na wiki ya pili malaria ikanilaza. Siku mbili alininunulia mikate. Siku ya tatu nikasikia anabisha hodi kwa jirani, mama wa makamo aliyekuwa na watoto wanne, na kupitia dirishani nikamwona amesimama uani, sufuria mkononi, kofia kwapani.

Yule mama hakumpikia. Alimkalisha kwenye kigoda akamwonyesha. Majani ya maboga yanachambuliwa nyuzi kwanza, yanakatwa, yanachemshwa na nyanya na kitunguu, halafu unga wa karanga mbichi zilizotwangwa unamiminwa na kuachwa uchemke taratibu mpaka mchuzi uwe mzito na karanga ziache kunuka ubichi. Wao wanaita ifisashi. Mume wangu aliniletea kitandani na ugali uliokuwa na madonge. Nilikula nikilia, na wala si kwa sababu ya homa. Tangu siku ile hatukuulizana tena nani apike.

Uganda sitaisemea sana, matoke yao yanajulikana. Nitasema tu kwamba ndizi iliyofungwa ndani ya majani ya mgomba ikaiva kwa mvuke ina utamu ambao ndizi ya kuchemsha haiwezi kuupata, na mimi Mchagga nakiri.

Kerala, kusini mwa India, ndiko moyo wangu ulikobaki. Tulifika Kochi mwishoni mwa Mei, na mwanzoni mwa Juni mvua zao kubwa zikaanza, siyo mvua za kukatika. Kutembea kukawa hakuwezekani. Mwenye nyumba, mama mtu mzima aliyekaa ghorofa ya juu, tukamwita chechi, yaani dada mkubwa, kama majirani walivyomwita. Siku moja alitukuta tumekaa chini tunamenya ndizi mbichi, mikono imepakwa mafuta utomvu usigande, ndizi zilizomenywa zimezamishwa kwenye maji zisiwe nyeusi. Akasimama mlangoni akatazama. Kisha akakaa, akachukua kisu. Mikono yake nayo aliipaka mafuta, ila yake yalikuwa ya nazi.

Jioni ile alitupikia kaalan. Ndizi mbichi na viazi vikuu, pilipili manga, manjano. Vikiiva, anatia mtindi mzito uliochachuka, anapunguza moto na kukoroga bila kuacha ili usikatike. Halafu nazi iliyosagwa na bizari nyembamba na pilipili mbichi. Mwisho anakaanga mbegu za haradali kwenye mafuta ya nazi mpaka zipasuke, na majani ya kari, anamwagia juu. Mume wangu alionja kijiko kimoja, akakiweka chini, akaniangalia. "Mama, hii ni kitawa."

Ni kweli. Ukiondoa nazi na viungo, ni ndizi na maziwa mgando, kile kile alichopikiwa na mama yake Kibosho. Baadaye Penang, Malaysia, tukiwa sokoni Chowrasta, tulizungumza sana jambo hili, kwamba mgomba asili yake ni huko huko Asia ya Kusini-Mashariki na New Guinea, ukavuka maji ukaja mpaka kwetu mlimani. Chechi hajawahi kufika Afrika. Kama tungekula hotelini, tusingejua kwamba jiko lake na la mama mkwe wangu yanafahamiana.

Kwa hiyo nasema wazi jambo linalonikera hapa nyumbani. Vijana wetu wanachangisha mamilioni ya harusi, kwa ukumbi, mapambo na muziki wa usiku mmoja, halafu miaka kumi baadaye hawajawahi kuvuka mpaka wa Holili kuingia Kenya pamoja. Na kwenye kicheni pati bibi harusi anapewa masufuria seti nzima, anafundwa namna ya kumlisha mume, wakati bwana harusi yuko nje hana hata kijiko chake. Huyo ndiye atakayekaa kwenye kigoda Lusaka akiwa na miaka sitini, mke anaumwa, hajui kuwasha jiko. Kwa nini tumngoje afike huko?

Mimi siku hizi nikialikwa nanunua sufuria moja ya wastani pale soko la Mbuyuni, na kwenye karatasi naandika jina la bwana harusi peke yake. Mashangazi wengine wamenuna. Wanune.

Mwezi ujao tunapanda basi la Mbeya, tuvuke Kasumulu kuingia Malawi, tukae mpaka baridi iishe. Nimeshafunga ulezi, karanga na mwiko. Jana mume wangu alitoa nyundo akaugonga mfuniko ukae sawa. Haukukaa, tunaenda nao hivyo hivyo.