Kamera Imerekodi, Kompyuta Imegoma

Jamaa zangu wa hapa Dodoma, kuanzia Nkuhungu hadi Kikuyu, wamekubaliana bila kikao kwamba mtu mwenye kompyuta mpakato hana udhuru wa kukataa kuwahariria video za sherehe. Sherehe ya kumuaga binti yetu ilirekodiwa kwa kamera ya video ya shemeji, ikaonyeshwa usiku uleule kwenye televisheni ya sebuleni kwa waya wa HDMI, kila mtu akajiona akicheza, na hapo ndipo balaa langu lilipoanza, kwa sababu hakuna mzee atakayekubali kwamba kitu kilichoonekana kwenye televisheni kinaweza kuishinda kompyuta.

Nilichomeka kadi ya kamera kwenye kompyuta nikitarajia video, nikakuta folda. Ndani ya folda iliyoitwa AVCHD mlikuwa na nyingine iitwayo BDMV, ndani ya hiyo STREAM, na humo ndimo zilimojificha faili za MTS, ndizo video zenyewe, zenye majina ya namba tupu, hata usijue ipi ina keki na ipi ina hotuba. AVCHD, mfumo huu wa kurekodi video, uliletwa na Sony na Panasonic mwaka 2006, nami sina ugomvi nao, ila ningependa kujua walidhani ni nani atakayekwenda kupekua huko chini. Hotuba ya baba mkubwa, ambaye hajui kufupisha, ilikatwa vipande na kamera yenyewe, maana kadi yenye mpangilio wa FAT32 haipokei faili moja inayofika gigabaiti 4. Baba mkubwa ameshaambiwa na watu kwamba aliyemkata ni mimi.

Programu ya kwanza ya kuhariri iliikataa MTS katakata. Ya pili ilipokea picha ikaacha sauti, kwa kuwa sauti ya kamera hizi mara nyingi hufungwa kwa Dolby AC-3, mfumo wa kubana sauti, na programu ile ya bure haikuwa na namna ya kuifungua, basi nikawatazama akina mama wakipiga vigelegele visivyosikika. Ya tatu ilipokea vyote viwili, kisha ikawa inakwamakwama, kwa sababu katika H.264, mfumo wa kubana picha unaotumiwa na kamera hizi, fremu nyingi, yaani zile picha moja moja zinazounda video, hazihifadhi picha kamili bali tofauti tu kati yake na fremu za jirani, hivyo kila ninapotaka kukata mahali pamoja, prosesa hulazimika kuwaamsha majirani wote. Isitoshe, kamera ilirekodi kwa mistari inayopishana, nusu fremu 50 kwa sekunde, na kila mkono uliopungwa ukaota meno kama chanuo.

Fundi mmoja kijana alinishauri nizigeuze faili zote kwanza ziwe za mfumo mwepesi kuhariri. Ushauri ni sahihi, lakini hakunitajia kwamba faili zikigeuzwa hivyo huvimba mara kadhaa, nami diski yangu imejaa harusi za watu ambao hata kuja kuzichukua hawataki. Kubadili ganda tu, kutoka MTS kwenda MP4 bila kugusa picha, ni kazi ya dakika chache, lakini ganda halikuwa tatizo langu, tatizo lilikuwa kiini, yaani namna picha zilivyobanwa humo ndani. Kompyuta ikakokotoa usiku kucha, feni ikinguruma, huku mke wangu akiuliza kama mita ya umeme nayo imearifiwa kwamba kazi hii hailipwi.

Shangazi ndiye anayenipigia simu kuliko wote. Baada ya shikamoo na marahaba huuliza, “Mwanangu, si unakata tu pale tunapokula?” Juzi alikuja mwenyewe na mfuko wa kanda za MiniDV, zile kanda ndogo za kamera za video, za harusi yake, akasema hizi hazitanisumbua kwa kuwa ni za zamani. Nilimweleza kwa heshima zote kwamba kanda ya saa moja huingizwa kwa saa nzima bila kuharakishwa, hula takribani gigabaiti 13, na huhitaji tundu la FireWire, la kuunganishia waya wa kamera, ambalo kompyuta yangu haina. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamalizia chai yake, akauliza kama zitakuwa tayari kabla ya Jumapili, maana wageni wa Kondoa wameshaambiwa.